Tiketi ya Mizani

Mama yake kule Muheza hakuelewa tangu mwanzo.
Alipoambiwa Hilari kawa balozi
aliuliza: wa nyumba kumi zipi,
na mtaa wetu una nyumba saba?

Alitusimulia mwenyewe, siku ya kwanza,
amesimama juu ya kreti la soda,
suti ya kijivu, viatu vya kamba,
nasi wa zamu ya asubuhi
tumekuwa weupe kwa chokaa mpaka kope.
Tulicheka. Alijua kutuchekesha.
Miaka kumi na tisa ya kula na watu usiowapenda
humfundisha mtu hilo.

Mimi ni karani wa mizani, kiwanda cha chokaa, Pongwe.
Lori linaingia tupu, napima.
Linatoka limeshiba, napima.
Tofauti ndiyo ukweli.
Yaliyobaki ni maneno ya dereva.

Yeye maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake.
Tawi lilipoomba barakoa, alijibu kwa barua:
"Ombi limepokelewa kwa uzito unaostahili."
Uzito gani, nikajiuliza, kilo ngapi?
Maana kwangu halijapita.

Kikaoni Mzee Kilua wa tanuruni akakohoa,
kikohozi kirefu, kikavu,
ndoo tupu ikiburutwa sakafuni.
Balozi akanyamaza
kama wanavyonyamaza huko, pengine,
mkalimani akichelewa.

Lakini tanuru halina mkalimani.
Usiku wa kumi na saba wa Ramadhani
matofali ya ndani yakapasuka,
bati la nje likaiva wekundu.
Wakampigia. Akaja na kandambili, shati nje,
akasema, nilimsikia kwa masikio haya:
"Tuangalie namna ya kuisogeza mbele hali hii."
Fundi Shemweta, msomi wa makovu, hakugeuka.
"Mheshimiwa, moto hausogezwi mbele.
Unazimwa, au unakula."

Alitazama saa. Alitutazama.
"Zima."

Neno moja, bila kiambatisho.
Nadhani lilimuunguza ulimi.

Siku kumi na mbili hapakuwa na moshi.
Mabati ya Pongwe yakarudia rangi zake,
mke wangu mwenza akaanika kanga nyeupe
kwa mara ya kwanza tangu aolewe.
Wenye hisa wakapiga simu kutoka Dar.
Mlango ulikuwa wazi; alitumia ile sauti ya zamani,
laini, kama anayemmiminia mgeni kahawa,
na ndani ya ulaini ule tukasikia:
Hapana. Hapana. Hapana, kaka yangu.

Jumatatu likaingia pikapu dogo la Ngamiani.
Nikalipima. Likashusha, nikalipima tena.
Barakoa, katoni nne, kilo arobaini.
Ombi sasa limepita kwangu.

Ya Mzee Kilua haikuchukuliwa.
Alikuwa Bombo, kitanda cha dirishani,
na Balozi alikwenda kila Alhamisi na machungwa
mpaka Alhamisi ambayo kitanda kilikuwa kimetandikwa.
Hakutoa hotuba. Alirudi na machungwa yake,
akayaacha getini kwa walinzi.

Usiku ule, lori la mwisho limekwisha toka,
nilimwona anakanyaga jukwaa la mizani,
katikati, miguu imebana,
kama mtoto anayepimwa kliniki.
"Napima kiasi gani, dada?"
Mizani ya malori haihesabu moja moja;
inaruka kwa ishirini.
"Themanini, Mheshimiwa. Zaidi au pungufu."
Akacheka kidogo.
"Huko nilikuwa napima nchi nzima.
Nikipiga chafya, wanaandika."

Akaomba tiketi. Nikaichapa.
Namba ya gari: hakuna.
Dereva: Hilari Semboja.
Penye mzigo nikasita, kalamu mkononi,
naye hakunisaidia. Alikuwa anatazama
bomba la tanuru, lilikoanza tena
kupumua.

Sikuandika kitu.
Nakala yangu ninayo bado, kwenye droo,
chini ya stepla.